Kulea watoto wadogo kwenye pwani ya Mediterania: yanayodhaniwa na yalivyo

Gandia ni mji wa Hispania ulio kusini mwa Valencia, mwendo wa kama saa moja kwa treni, wenye wakazi zaidi ya 70,000. Kuna jua, kuna ufuo mrefu wa mchanga laini, kuna mashamba ya michungwa mpaka mlangoni mwa mji. Ni mahali pazuri mno pa kukuza mtoto. Lakini sifa ya upole iliyopewa pwani hii ndiyo inayowaponza wazazi, hasa wageni. Hapa tunazipitia dhana zinazosikika mara nyingi, kwa kuufuata mwaka kuanzia kiangazi.

"Jua la utosi ni saa sita mchana"

Kwa mtu wa Mombasa au Tanga jambo hili halina mjadala: ikipita saa sita kidogo, kivuli kimeingia miguuni. Gandia mambo ni mengine. Hispania hutumia saa za Ulaya ya Kati ilhali mji huu uko karibu kabisa na mstari wa Greenwich, na kiangazi saa husogezwa mbele tena. Kwa hiyo mwezi wa Juni na Julai jua hufika kileleni saa nane mchana na dakika chache. Mzazi anayeteremka ufukweni saa tisa alasiri akidhani limeanza kupoa, amempeleka mwanawe kwenye jua ambalo Mombasa lingekuwa la saa saba na kitu.

Wenyeji wenye watoto wadogo huivunja siku vipande viwili. Asubuhi hufika mchangani saa tatu na kufungasha saa tano na nusu. Hurudi saa kumi na moja na nusu jioni, na bado wana karibu saa nne za mwanga, kwani mwishoni mwa Juni jua hutua saa tatu na nusu usiku. Usipokuwa na saa mkononi, mtazame mtoto na kivuli chake: kivuli kikiwa kifupi kuliko yeye, mtoe juani.

Losheni ya kukinga jua karibu kila mtu hupaka, ila hupaka kiduchu. Mtoto wa miaka minne anahitaji takriban gramu 14 kwa mwili mzima, yaani vijiko vitatu vya chai vilivyojaa. Chupa ya mililita 200 basi inatosha mara 13 au 14 tu. Watoto wawili wakipakwa mara tatu kwa siku, chupa haimalizi siku ya tatu. Kama yako imedumu mwezi mzima, watoto wamekuwa wakipata chini ya sehemu ya kumi ya kinachotakiwa, na ile SPF 50, yaani kipimo cha kinga ya jua, iliyoandikwa kwenye chupa haipo kwenye ngozi zao. Paka nyumbani, mtoto akiwa uchi, dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka. Usisahau masikio, kisogo, nyuma ya magoti na juu ya nyayo, maana hapo ndipo wanapoungua. Rudia kila baada ya saa mbili na kila anapotoka majini. Fulana ya kuogelea yenye mikono mirefu hupunguza kazi kwa nusu, na haioshwi na mawimbi.

Mtoto wa chini ya miezi sita awekwe kivulini, asitegemewe losheni. Na kivuli cha mwavuli hakitoshi peke yake, kwa sababu mchanga na maji hurudisha mionzi kutoka pembeni.

"Ngozi nyeusi haihitaji losheni"

Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, lakini ni kinga ya wastani, chini sana ya ile ya SPF 30. Mtoto mweusi huungua pia. Wekundu tu ndio usioonekana haraka. Utagundua usiku, anapolia ukimgusa mabega. Mpake kama wengine.

Dhana nyingine ni ndugu wa hii, kwamba kwenye jua namna ile vitamini D inajileta yenyewe. Mtoto mchanga haruhusiwi kukaa juani, na wakati wa baridi jua la latitudo ya 39 ni dhaifu. Madaktari wa watoto wa Hispania hupendekeza matone ya vitamini D, IU 400 (vipimo vya kimataifa) kwa siku, kwa mtoto anayenyonya maziwa ya mama mpaka atimize mwaka mmoja. Mwenye ngozi nyeusi ndiye asiyefaa kabisa kuyakosa.

"Funika kigari kwa kanga, mtoto apate kivuli"

Kanga ni nyepesi, ndiyo, lakini ikifunika mdomo wote wa kigari inazuia hewa kupita. Joto la ndani hupanda ndani ya dakika chache, na mama aliye nyuma ya vishikio haoni uso wa mtoto umekuwaje. Tumia mwavuli mdogo wa kubana kwenye fremu, au ifunge kanga upande mmoja tu, mbele na pembeni pakiwa wazi. Pitisha mkono shingoni mwa mtoto kila mara. Shingo yenye jasho inakwambia ahamishwe.

Gari lililoegeshwa juani ni baya zaidi: ndani huongezeka kama nyuzi 10 kwa dakika 10. Hata kwa kununua mkate usimwache.

"Nyumba ya pwani hupozwa kwa kufungua madirisha"

Nyumba za Uswahilini zilijengwa ziupokee upepo, kwa hiyo mtu hufungua kila kitu mchana kutwa. Ukifanya hivyo Gandia mwezi wa Agosti, umeingiza joto la nje ndani ya kuta za matofali, nazo zitalitoa usiku kucha mtoto akigaagaa. Kila dirisha lina persiana, yaani pazia gumu la vipande vya plastiki au alumini linaloteremshwa kwa mkanda wa kuvuta. Asubuhi, kabla jua halijapiga upande huo, iteremshe mpaka zibaki tundu ndogo za mwanga, kisha funga kioo. Jua likihamia upande wa pili, hamisha kazi. Fungua pande zote mbili za nyumba usiku, nje kunapokuwa na ubaridi kuliko ndani. Mikanda hiyo iwe mirefu tu kiasi cha kufanya kazi, na kitanda cha mtoto kikae mbali nayo, kwani mkanda unaoning'inia unaweza kumnyonga.

"Watoto kuwa uwanjani saa nne usiku ni malezi mabovu"

Mgeni akiona watoto wa miaka mitatu wakipiga mpira kwenye uwanja wa mji saa nne usiku, wazazi wameketi pembeni na vinywaji, hushtuka. Hatuoni la kulaumu. Saa kumi alasiri vyuma vya bembea na sakafu za mpira za viwanja vya watoto vinaweza kuunguza ngozi. Saa tatu usiku ndipo mahali panapokalika. Chakula cha mchana huliwa saa nane au tisa, vitafunio vya jioni saa kumi na moja au kumi na mbili, na chakula cha usiku saa tatu kuelekea nne. Wadogo hulala mchana baada ya kula. Ule usingizi wa mchana unaosifiwa duniani kote ni wa watoto na wazee zaidi. Wazazi wengi wako kazini.

Tatizo liko Septemba, shule inapofunguliwa. Mtoto aliyezoea kulala saa tano usiku hawezi kuamka saa moja asubuhi kwa amri. Anza siku kumi kabla: sogeza nyuma kwa dakika 15 kila siku, na uanze na kuamka, si kulala. Vitafunio na kuoga vifuate mkumbo huo huo.

"Akishakula asiguse maji mpaka saa mbili zipite"

Hii ndiyo dhana kongwe kuliko zote katika pwani ya Hispania. Vizazi vya watoto vimekaa chini ya mwavuli vikihesabu dakika, bibi akiwa na saa mkononi, kwa kuogopa kinachoitwa *corte de digestión*, yaani chakula "kukatika" tumboni. Maelezo yake ni kwamba damu yote iko tumboni, kwa hiyo mtoto akiingia majini atazimia.

Kuzimia kupo, lakini chanzo chake ni tofauti ya ghafla ya joto. Mwili uliochemka juani ukirushwa kwenye maji ya baridi, mapigo ya moyo na msukumo wa damu hubadilika ghafla, na mtu anaweza kupoteza fahamu majini hata kama hajala kitu. Maji ya Gandia huwa kama nyuzi 14 Februari, 21 au 22 Juni, na 26 hivi Agosti. Kwa hiyo mwanzoni mwa Juni, hewa ikiwa nyuzi 32, hatari ni kubwa kuliko Agosti, ingawa Agosti ndipo watu huogopa.

Badala ya kuhesabu saa mbili, mwingize mtoto polepole. Mloweshe kwanza miguu, kisha mikono, kisogo na tumbo, kwa dakika moja au mbili. Kama alikuwa akikimbia juani, mpumzishe kivulini kwanza. Akitetemeka, akisema kichwa kinauma au akibadilika rangi, mtoe. Baada ya mlo mzito wa wali, busara ni kumwacha apumzike kidogo asije akatapika, lakini si sheria ya saa.

Tunalisisitiza hili kwa sababu ile sheria ina madhara yake. Familia ikila saa nane, mtoto atakaa mchangani kuanzia saa nane hadi saa kumi, jua likiwa kwenye makali yake yote. Saa mbili zikitimia, mtoto aliyechemka vizuri huachiwa akimbie moja kwa moja majini, na wazazi wametulia moyo kwa kuwa kanuni imefuatwa.

"Mediterania ni kama bwawa"

Kwa aliyekulia kwenye bahari ya maji kujaa na kupwa, ambako bamvua huacha nusu kilomita ya mchanga mtupu, Mediterania inaonekana imelala. Tofauti ya kujaa na kupwa ni kama sentimita 20 au 30 tu. Huhitaji kujua saa za maji, na watu huziacha taulo zao mita chache kutoka mawimbini siku nzima.

Hatari yake huletwa na upepo. *Levante*, upepo wa mashariki, huleta mawimbi yanayorudi kwa nguvu na kuchimba mifereji kati ya mafungu ya mchanga. Mtoto anasimama juu ya fungu, maji yakimfika kiunoni, anapiga hatua mbili na hakuna chini. Karibu na kuta za mawe za bandari mkondo huvuta kuelekea nje. *Poniente*, upepo wa kutoka bara, unaogopesha zaidi kwa sababu huilaza bahari ikawa kama kioo. Siku hiyo ndiyo godoro la kupulizia au flamingo wa plastiki husukumwa kwenda kilindini haraka kuliko baba anavyoweza kuogelea. Vitu vya kupulizia viachwe bwawani siku za poniente. Na maboya ya mikononi ni ya kuchezea. Huchomoka na hupungua upepo. Kinachosaidia ni jaketi okozi lenye kipimo cha uzito wa mtoto.

Bendera ya kijani inaruhusu kuoga, ya njano inadai tahadhari, nyekundu inakataza. Kwa mtoto wa chini ya miaka sita tunashauri njano isomwe hivi: miguu tu, na mkono wako umeshika wake. Waokoaji wapo kwa msimu na kwa saa maalumu. Aprili na Oktoba, jua likiwaka vilevile, mara nyingi kiti chao ni kitupu.

Mtoto anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono. Hunyamaza, kichwa kinarudi nyuma, mdomo uko sawa na maji. Wahispania hufundisha kanuni ya 10/20: mtazame kila sekunde 10, na uwe mahali ambapo utamfikia kwa sekunde 20. Kwa asiyejua kuogelea hata hiyo ni mbali mno. Uwe urefu wa mkono mmoja. Mabwawa ya majengo ya ghorofa yanataka uangalizi huo huo.

Mchanga nao: mashimo. Shimo lisizidi magoti ya mtoto mdogo kuliko wote, wala lisichimbwe kama pango. Mchanga mkavu huporomoka bila onyo.

"Konyeza akiuma, kojolea au osha kwa maji ya bomba"

Konyeza ni yule mnyama wa baharini mlaini kama jeli. Mkojo haufai. Maji matamu ni mabaya zaidi, kwa sababu hupasua vifuko vya sumu vilivyobaki kwenye ngozi. Konyeza wa zambarau anayesumbua pwani hii, *Pelagia noctiluca*, hatakiwi siki pia. Osha kwa maji ya bahari bila kusugua. Ondoa nyuzi kwa kibano au kwa ukingo wa kadi ya benki. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 5 hadi 15. Barafu isiguse ngozi, kwani ikiyeyuka inakuwa maji matamu. Mtoto akivimba uso au akipumua kwa shida, piga 112, namba ya dharura. Na konyeza aliyekufa mchangani bado anauma, kwa hiyo asichokolewe kwa kidole.

Samaki buibui, ambaye Wahispania humwita *pez araña*, anatibiwa kinyume kabisa. Hujifukia mchangani kwenye maji ya kina kifupi, mtoto anamkanyaga mwiba, na maumivu ni makali mno. Sumu yake huharibiwa na joto: tia mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, yasiyozidi nyuzi 45, nusu saa au zaidi. Mkono wa mtu mzima ndio upime maji, si mguu wa mtoto, kwa kuwa mguu wenye maumivu hauhisi unaungua. Viatu vya mpira husaidia kuuzuia mwiba huo.

"Shule ni ya miaka sita, kabla ya hapo hakuna haraka"

Lazima ni kuanzia miaka sita, kweli. Lakini elimu ya awali ya miaka 3 hadi 6 hailipiwi katika shule za umma na karibu kila mtoto huenda. Kinachohesabiwa ni mwaka wa kuzaliwa: aliyezaliwa Desemba huanza Septemba akiwa na miaka miwili na miezi tisa, darasa moja na aliyezaliwa Januari. Maombi hufanywa masika, miezi kadhaa kabla, na anwani iliyosajiliwa halmashauri ya mji hutoa alama. Anayesubiri Septemba hupata nafasi zilizobaki, mara nyingine mbali na nyumbani. Shule nyingi hutarajia mtoto awe ameacha nepi, kwa hiyo kiangazi, nguo zikiwa chache na zikikauka upesi, ndio wakati wa kuanza.

"Mvua ni chache, haina haja ya kuihofia"

Siku za mvua ni chache. Kiasi kinachoshuka kwa siku moja ndicho cha kuhofiwa. Oliva, mji jirani na Gandia, ulipata milimita 817 kwa saa 24 tarehe 3 Novemba 1987, zaidi ya theluthi mbili ya mvua ambayo Dar es Salaam hupata kwa mwaka. Tarehe 29 Oktoba 2024 mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 katika jimbo la Valencia, wengi wao katika vyumba vya chini, maegesho ya chini ya ardhi na magari. Onyo la simu lilitumwa saa mbili na dakika 11 usiku, wakati maji yalikuwa tayari majumbani.

Kwa familia, hii ina maana kwamba kuanzia Septemba hadi Novemba utazamwe utabiri wa idara ya hali ya hewa, AEMET, kila siku. Onyo likiwa jekundu, mtoto asiende shule hata kama hapo dirishani jua linawaka. Maji hutoka milimani. Usivuke korongo kavu, wala usishuke kuokoa gari. Panda ghorofani na watoto. Maji ya kunywa, maziwa ya mtoto, nepi na dawa za siku tatu viwe ndani.

"Watoto wa huko hula vyakula vya Mediterania, kwa hiyo kila kitu sokoni ni salama"

Samaki upanga, anayeuzwa pia kwa jina la *emperador*, hupendwa kwa kuwa hana miiba, na hapo ndipo wazazi humpa mtoto. Ana zebaki nyingi. Mamlaka ya chakula ya Hispania inasema watoto mpaka miaka 10 wasile huyo, wala papa, wala jodari mwekundu. Dagaa, chewa wa Ulaya na *merluza*, samaki mweupe wa jamii ya chewa, ni salama. Spinachi na *acelga*, mboga ya majani inayofanana nayo, zisipewe kabla ya mwaka mmoja kwa sababu ya naitreti.

Tarehe 31 Desemba usiku wa manane, Hispania nzima hula zabibu 12, moja kwa kila mlio wa kengele. Zabibu nzima huziba koo la mtoto sawasawa kama kizibo. Kwa wa chini ya miaka mitano, zikate kwa urefu vipande vinne, toa mbegu, na umwache ale kwa mwendo wake, kengele ziendelee bila yeye.

"Baridi haipo"

Januari mchana ni nyuzi 16 au 17, usiku 7 hivi. Hilo si kali, ila fleti nyingi za zamani zina sakafu ya vigae, hazina mfumo wa kupasha joto, na ndani panaweza kuwa na baridi kuliko nje kwenye jua. Unyevu wa bahari huotesha kuvu nyeusi nyuma ya kabati na kwenye kona ya kitanda cha mtoto, kisha kikohozi hakiishi. Fungua madirisha dakika 10 saa sita mchana, hewa ikiwa kavu. Usianike nguo chumbani anakolala mtoto. Weka kitanda umbali wa kiganja kutoka ukuta wa nje. Jiko la joto la mtungi wa gesi huongeza unyevu na, lisipopata hewa, hutoa sumu isiyo na harufu; lisiwashwe chumba cha kulala wala lisiachwe likiwaka usiku. Mtoto mchanga avalishwe mfuko wa kulalia, bila blanketi zito wala kofia.

"Bustani za misonobari ndizo salama kuliko ufuo"

Kuanzia Februari hadi Aprili, wakati mwingine mapema zaidi, viwavi wa msonobari hushuka kutoka kwenye viota vyao vyeupe vya utando na kutambaa ardhini kwa mstari mmoja, kichwa kwa mkia. Mtoto huona gari moshi dogo na kunyoosha mkono. Manyoya yao huwasha kuliko upupu, hupaa hewani, na yakiingia jichoni au mdomoni ni jambo la hospitali. Akigusa, asijikune. Mvue nguo, bandika na kubandua utepe wa gundi juu ya ngozi ili ing'oe manyoya, kisha osha kwa maji mengi. Nguo zifuliwe kwa maji ya moto. Kabla ya kumtoa mtoto kwenye kigari, inua macho juu ya miti. Ukiona utando mweupe, geuza njia na uijulishe halmashauri waje kuuondoa.